Viazi Vilivyofuata Jua

Mama yangu alipotoka hospitali na goti jipya, daktari alimwambia atembee kila siku. Mama akamtazama yule daktari kama mtu aliyeambiwa achemshe mawe. "Nitembee niende wapi?" akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Mama ameishi Keringet tangu aolewe, na Keringet hakuna anayetembea bure. Unatembea kwenda shambani, kwenda kukama, kwenda kwa jirani kuomba mbegu, kwenda kanisani. Ukionekana unazunguka tu bila mahali unapokwenda, utaulizwa kama umepoteza ng'ombe. Sasa mimi nilikuwa nimemleta kwangu Free Area, hapa Nakuru, kwenye nyumba yenye ua mrefu mwembamba, kamba ya nguo upande wa jikoni na geti la chuma huko mwisho. Nikamkabidhi kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne, nikamwonyesha anavyopaswa kukishika. Kesho yake nikakuta amekianikia soksi.

Niseme mapema tulikuwa tunavutania nini, maana mengine yote yanatoka hapo. Siku aliyofika, mguu ukiwa juu ya stuli, Mama alitangaza: "Siku nitafika kwa geti bila kushikwa na mtu, hiyo siku narudi kwangu." Mimi nilitaka sana afike kwa geti. Na sikutaka arudi. Kule anaishi peke yake tangu Baba afariki, baridi ni ya kuuma mifupa, na mvua ikinyesha njia yote ni utelezi mtupu. Kwa hivyo nilikuwa naomba apone, lakini asipone haraka. Nadhani Mungu alichoka kunisikiliza.

Shida ilikuwa ni nani wa kumshika. Mimi nafundisha biolojia shule ya sekondari. Naondoka asubuhi, narudi jioni. Watoto wetu wako bweni. Anayebaki karibu mchana ni mume wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani na huja nyumbani kila anapotamani chai, yaani kila mara. Lakini mume wangu kwao ni magharibi mwa Kenya, na kwao mwanamume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana mlangoni anarudi nyuma kama lori. Kwetu desturi hiyo si kali hivyo, ila Mama aliipenda mara moja. Alisema hapo ndipo anaona adabu. Basi mchana kutwa nyumba yangu ilikuwa na mtu anayehitaji kushikwa mkono, na mtu mwenye mikono miwili mizuri, na wote wawili wakizungumza kupitia kwa mbwa.

"Mwambie Mama chai iko tayari," mume wangu angesema, akimwangalia mbwa.

"Mwambie baba watoto asante," Mama angejibu, naye akimwangalia mbwa.

Mbwa mwenyewe alinenepa kipindi hicho. Kila aliyezungumza naye alimtupia kitu.

Vita vyangu na Mama vilianzia kwenye viazi. Jikoni nina reki ya waya, rafu ya kuwekea vyakula, karibu na dirisha, niliyoinunua kwa sababu ni maridadi, na viazi vilikuwa vimekaa humo wiki kadhaa vikiota jua mpaka vikageuka kijani. Mama aliingia jikoni akijiegemeza ukutani, akaviona, akavuta kiti akakaa.

"Huyu ndio wanaacha afundishe watoto wa watu?" akamuuliza mbwa.

Iliniuma, kwa sababu somo hilo nalifundisha kila mwaka. Kiazi si mzizi. Ni shina lililojificha ardhini likanenepa, na bado linakumbuka kwamba ni shina. Ukiliweka kwenye mwanga linadhani limeitwa kazini, linaanza kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ambayo majani hutumia kunasa jua. Na wakati huohuo linajiwekea sumu chungu, lisije likaliwa hapo nje lilipo wazi. Ndiyo maana watu wa viazi hupandisha udongo juu ya matuta, ndiyo maana magunia hukaa kwenye stoo yenye giza. Majani yakae juani, viazi vikae gizani. Nayajua haya yote vizuri, na viazi vyangu vilikuwa kijani kama majani ya chai.

"Nitavitupa," nikasema.

"Utatupa mbegu?"

Kumbe kwa mkulima, kiazi kilichoharibika kwa sufuria ndicho kilichokomaa kwa shamba. Kule kwetu mbegu hutandazwa makusudi mahali penye mwanga hafifu mpaka igeuke kijani na kutoa macho mafupi manene. Mimi nilikuwa nimeandaa mbegu bila kujua, na nilikuwa karibu kuipeleka kwa takataka.

Sasa, mume wangu alikuwa ameniletea udongo na mbolea kwa wilbaro, ile toroli ya gurudumu moja, kwa ajili ya maua yangu. Akaiacha karibu na mlango wa jikoni kwa sababu kuna mteja aliyempigia simu. Niliporudi kutoka shule maua yangu hayakuwa na udongo, na wilbaro ilikuwa na viazi. Mama alikuwa amevipanda akiwa ameegemea mkono wa wilbaro, huku mkono wake mmoja ukichimba kwa kijiko changu cha kupakulia.

"Mama, hiyo si shamba."

"Iko na udongo," akasema. "Imekosa nini?"

Ilikosa kina, kwanza. Mume wangu aliposikia hivyo, na hakusikia kutoka kwa Mama bila shaka, alisubiri mpaka Mama alale kidogo mchana, akapigilia mbao pande zote ili udongo uweze kuongezwa, akatoboa chini maji yasisimame. Mama alipoamka alizunguka ile kazi kwa macho. "Mwambie baba watoto mbao ya kushoto imelegea kidogo," akamwambia mbwa. Hiyo, kwa Mama, ni sifa kubwa.

Viazi vikaota. Na vilipoota tu, upande wa mashariki wa ploti yetu mtu akaanza kujenga fleti. Mwanzoni zilikuwa nguzo, kisha slabu ya kwanza ya zege ikamwagwa, na asubuhi yetu ikaanza kuchelewa. Mama aliona kabla yangu. Alikuwa anakunywa uji mlangoni.

"Hivi viazi vinaamka gizani," akasema.

Nikamwambia asijali, jua la saa sita litavifikia. Akanijibu kwamba saa sita ni wakati wa watu wenye akili kujificha. Nami nikafungua kinywa kumsahihisha, nikakifunga, kwa sababu alikuwa sawa. Chini ya jani kuna vinywa vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo huingiza hewa ya ukaa, hii tunayoitoa sisi tukipumua. Lakini kinywa kikiwa wazi, maji nayo hutoka. Jua likiwa kali na udongo umekauka, jani hufunga vinywa lisinyauke, na likishafunga, kazi inasimama hata mwanga ukiwa mwingi namna gani. Asubuhi kuna mwanga na bado kuna ubaridi. Ndiyo saa nzuri.

"Asubuhi ndio kazi hufanywa," Mama akasema. Sijui kama alikuwa anazungumzia viazi.

Siku chache baadaye nilikuwa nikitafuta funguo nikasikia kitu kikilia nje, kwii, kwii. Nikachungulia. Mama alikuwa ameshika mikono yote miwili ya wilbaro na alikuwa anaisukuma. Hakuna aliyemshika. Alikuwa ameinama kidogo, mdomo umekaza, anaelekea pale jua lilipokuwa limeanguka, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Nilitaka kupiga kelele. Mume wangu akanishika bega, maana mimi anaruhusiwa kunigusa.

"Mwache," akasema. "Amepata pa kwenda."

Nilipomweleza mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza kwa makini kama kile chombo kinaweza kupinduka. Jioni hiyo hiyo mume wangu akaondoa lile gurudumu moja, akaweka mawili mbele na mawili madogo nyuma, isipinduke wala isihitaji kuinuliwa. Akatia na mafuta. Mama alilalamika kuhusu mafuta. Alisema bila ule mlio hajui kama anatembea haraka au pole.

Toka hapo yakawa mashindano kati ya Mama na fleti. Kila slabu ilipomwagwa, kivuli kilirefuka, na lile jua la asubuhi likazidi kusogea kuelekea geti, ambako kuna mwanya kati ya jengo na nyumba ya jirani. Mama akasogea nalo. Asubuhi alikwenda kulitafuta, mchana akarudisha viazi karibu na jikoni vipate kivuli kidogo, saa kumi akavipeleka nyuma kwenye kamba ya nguo kumalizia siku. Mafundi walimzoea. Walimwita kutoka juu ya mbao zao.

"Mathe, sasa! Leo unaelekea wapi?"

"Napeleka shamba kwa jua."

"Hiyo shamba iko na namba plate?"

"Iko na dereva," Mama akawajibu, na wakacheka mpaka msimamizi wao akatoka kuangalia.

Mimi nilikuwa nafurahi na kuogopa kwa pamoja. Kila jioni nilipima kwa macho umbali kutoka alama ya mwisho ya magurudumu hadi geti, na kila jioni ulikuwa umepungua. Nilimchukia mwenye fleti kwa kuziba jua letu, nikamchukia zaidi kwa kulisukuma upande ule.

Vumbi la simenti lilianza kutua kwenye majani. Mama aliyapangusa kwa kitambaa chenye maji, moja moja, kama anawapangusa watoto pua. Mume wangu hakuweza kuvumilia kumwona akipata taabu hiyo. Akaleta kutoka dukani kipande cha bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga, akalifunga juu ya wilbaro kwa fito nne. Alichagua la kijani. Alijivunia sana rangi hiyo. "Mimea inapenda kijani," akaniambia. "Angalia tu."

Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikasema ni vizuri bila kuinua kichwa. Haukupita muda, viazi vikaanza kurefuka shingo, mashina membamba yaliyopauka, yakichungulia pembeni mwa bati kutafuta mahali pengine. Hapo ndipo niliinua kichwa. Nilimkalisha mume wangu kwenye ngazi ya mlango nikamweleza taratibu, na haikuwa rahisi kwake kukubali. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Jani hula zaidi nyekundu na buluu. Ya kijani huitumia kidogo zaidi, nyingine linairudisha, na hiyo inayorudishwa ndiyo tunayoiona sisi tukasema jani ni la kijani. Lile bati lilikuwa linazuia chakula kizuri na kupitisha kile jani linachoacha kwenye sahani.

"Kwa hivyo nimekuwa nikivilisha makombo," akasema.

"Na makombo yenyewe kidogo."

Aliinuka. Kisha akaenda akasimama karibu na wilbaro, Mama akiwa ameketi hapo kando, na akaviambia viazi, si mtu mwingine yeyote, viazi: "Poleni. Nilitaka tu msiingiwe na vumbi."

Mama akatazama majani hayo hayo. "Mwambieni baba watoto," akaviambia, "hata mimi hiyo bati nilikuwa nimeipenda." Bati likaishia juu ya kibanda cha mbwa, ambaye hana shida na rangi.

Mama akaanza kuniuliza maswali. Alitaka kujua hilo jua likishaingia kwenye jani linakwenda wapi. Darasani nafundisha kwa Kiingereza, kwa hivyo ilibidi nitafute maneno. Nikamwambia kwa Kiswahili kitabuni inaitwa usanisinuru. Akasema hilo ni jina la ugonjwa. Basi nikaamua kumwonyesha. Nikafunika jani moja kwa foili, nikataka likae hivyo siku mbili bila kuguswa. Liliguswa.

"Hili jani liliumwa na nini ukalifunga bandeji?" akauliza nilipotoka shule. Alikuwa amelifungua kuangalia kidonda.

Nikafunga jingine, na safari hii nikaeleza. Siku ilipofika nikachuma lile la foili na jirani yake aliyekuwa wazi. Nikayachemsha, nikazima moto kabisa, nikayaweka kwenye spiriti ndani ya maji moto mpaka rangi ya kijani ikatoka yote na majani yakabaki meupe kama karatasi. Mama hakupenda hapo. Alisema nimeyaua mara ya pili. Kisha nikadondosha ayodini. Lile la foili likabaki na rangi ya hudhurungi ya dawa yenyewe. Lile la juani likabadilika mbele ya macho yake, likawa buluu iliyokaribia weusi.

Nikadondosha tone lingine kwenye ugali uliobaki. Likawa rangi ile ile.

Mama alisogeza kiti. Alitazama jani, akatazama ugali, akarudi kwa jani. "Ni kitu kimoja," akasema.

"Ni wanga, Mama. Jani linachukua maji ya udongoni na ile hewa tunayotoa sisi, linaviunganisha kwa nguvu za jua, linapata sukari. Oksijeni inabaki, linaitoa, ndiyo tunayopumua. Ile sukari nyingine linaitumia, nyingine linaiweka kama wanga, nyingine inashuka chini kwa viazi."

"Na hili lililofungwa?"

"Halikupata jua. Hata akiba ndogo liliyokuwa nayo lilikula ikaisha."

Aligeuza lile jani kwa kidole. Akasema ule mwaka baridi ilipochoma majani yote Keringet walichimba viazi vidogo kama gololi, na Baba akadhani wameuziwa mbegu mbaya, akagombana na mwenye mbegu mpaka wakaacha kusalimiana. "Kumbe jiko ndio lilikuwa limezimika," akasema. Kisha akauliza kama ugali huo bado unalika. Nikamwambia hapana, akasikitika zaidi kuhusu ugali kuliko kuhusu jambo lingine lolote siku hiyo.

Viazi vikachanua maua meupe. Fleti ikapata paa. Siku moja mbwa alibweka, nikatoka, nikamkuta Mama na wilbaro yake wamesimama kwenye geti kabisa, mgongo wake ukiwa umegusa chuma. Jua lilikuwa limebaki hapo tu, kipande cha ukubwa wa mkeka.

"Nimefika," akasema.

Nikasema kitu cha kitoto kabisa. "Ulikuwa umeshika wilbaro, Mama. Hiyo haihesabiki."

Alinitazama usoni. Nadhani ndipo alipoelewa, kama hakuwa anajua siku zote. "Sawa," akasema. "Tungoje viazi."

Majani yakaanza kuwa manjano, kazi yao imekwisha. Mama akaacha kuvimwagilia, ngozi ya viazi ikaze. Kisha Jumamosi moja mume wangu akamwaga wilbaro polepole juu ya gunia, na sote tukainama. Vilikuwa viazi vya kweli. Vichache vikubwa, vingine vya kawaida, vingine vya kuchekesha, lakini vilitosha sufuria. Tulivichemsha na maganda, kwa chumvi tu. Mume wangu alikula chake jikoni, sisi sebuleni, mlango ukiwa wazi ili mbwa aweze kupitisha maneno.

"Mwambie baba watoto ni vitamu," Mama akasema, "ingawa ni vya mjini."

Kesho yake alivaa koti lake la safari. Wilbaro ilikuwa tupu, imesimama ukutani. Mume wangu alibeba mkoba wa Mama mpaka kwenye geti, akauweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ili Mama auchukue mwenyewe bila mikono yao kukutana. Mama akatoka mlango wa jikoni. Alitembea ua wote ule mrefu, mikono yake ikining'inia haina cha kushika, na hakusimama njiani. Nilikuwa nimekusudia kumpigia makofi. Nililia, tena kwa sauti, mwalimu mzima, mafundi wa fleti wakinitazama kutoka juu.

Baada ya kuondoka nilikuta kwenye reki yangu ya waya, karibu na dirisha, kiazi kimoja. Hakikuwa kimesahauliwa. Alikuwa amekigeuza upande wenye macho uangalie mwanga.

Kiligeuka kijani, kikatoa macho, nikakipanda kwenye wilbaro. Mama hupiga simu kila asubuhi kabla sijaenda shule. Nikimuuliza kuhusu goti ananiambia niache maneno ya hospitali. Yeye huuliza jambo moja.

"Jua limefika wapi?"

"Liko kwa geti, Mama."

"Basi peleka."

Nami napeleka, simu nimeibana kwa bega, magurudumu yakianza tena kulia kwa sababu sijataka yatiwe mafuta. Na mle simuni, nikikaa kimya, nasikia nyasi za Keringet zikikwaruza gambuti zake za mpira, haraka kuliko mwendo wangu.